Kijiko cha Dawa ya Kikohozi

4 Aprili

Kwako mpwa wangu, Bi Vipimo,

Salamu nyingi. U mzima? Hilo jiko la shule ulilopewa kusimamia halijakushinda? Mimi sijambo, ila mwezi jana homa ilinilaza wiki mbili. Sasa nimesimama. Usinipigie simu. Ile uliyoninunulia ilipiga mbizi pamoja nami, mfukoni mwa kaptula, na kati yetu wawili mimi ndiye niliyetoka majini nikiwa bado nafanya kazi.

Huku ghubani msimu umefunguka. Njia ya juu ya majabali imefyekwa, na watembeaji wanashuka kwa makundi, viatu vimejaa vumbi, wanaulizia supu ya samaki na chai ya tangawizi kibandani kwangu. Wapiga kasia wa Jumamosi wamerudi na kelele zao. Bibi Kofia bado anaogelea kila asubuhi mpaka kwenye boya na kurudi, na ile kofia yake ya mpira ya manjano, kisha anakaa benchi la kwanza na kuniuliza kama leo tunakula au tunatazamana.

Hivi lile daftari lako, ulilokuwa unaandika ninachotia sufuriani, bado unalo? Nauliza tu, hakuna jambo.

Ni mimi,
Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa homa, na simu tuiombee ipumzike salama. Mimi mzima wa afya. Watoto mia nne wananila kichwa kila mchana, lakini sahani zinarudi tupu, na mpishi anataka nini zaidi?

Daftari ninalo. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, maana nilidhani kaandika mtu mwingine. Wewe, Mjomba, unaulizia daftari? Wewe uliyesema mpishi anayepima ni mpishi asiye na ulimi? Si wewe uliyeninyang'anya kijiko changu cha kupimia mbele ya wateja, ukakirusha baharini kutoka kibarazani, benchi zote tatu zikacheka? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilinuna wiki nzima, na nikikwambia ukweli, kuna kipande cha moyo wangu bado kimenuna.

Mtu haulizi njia ya nyumbani kwake ila amepotea. Kuna nini? Usinizunguke. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mpwa wako


29 Mei

Bi Vipimo,

Nakusalimu. Natumaini hujambo. Mimi mwili haujambo, lakini mengine ndiyo haya. Nimekawia kwa sababu nilianza barua tatu, na zote tatu niliwashia jiko.

Ile homa ilipoondoka iliondoka na pua yangu, na pua ikauchukua na ulimi. Sisikii harufu. Sisikii ladha. Tangawizi naitafuna kama nyasi. Wiki iliyopita samaki waliungua nyuma yangu, nami nimesimama pale nasimulia hadithi, mpaka mpiga kasia mmoja akaniuliza, "Mzee, huo moshi ni wa makusudi?"

Supu natia kwa kubahatisha. Watembeaji wanakunywa nusu na kunishukuru kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayoniua. Juzi Bibi Kofia aliacha bakuli limejaa, akasema ameshiba. Mtu aliyetoka kuogelea saa nzima kwenye maji baridi hashibi, mwanangu. Alikuwa ananihurumia. Niliwamwagia shakwe lile bakuli, nao wenyewe wakasitasita.

Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Kwa hiyo Juni ikiisha nafunga. Miaka thelathini na moja inatosha. Nitabaki nafundisha watu kuogelea, kazi hiyo haihitaji ulimi, ingawa wewe utasema mimi ulimi ninao mrefu. Usihuzunike.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali kwa sababu nimeijua, na nimelia kidogo kwenye stoo ya vitunguu, mahali ambapo hakuna anayekuuliza unalilia nini.

Usifunge. Yote ninayojua kuhusu kulisha watu nimeyapata kwenye kibanda hicho. Mama aliponileta kwako nilikuwa mtoto asiyekula, na ni supu hiyo iliyonifungua kinywa. Sijawahi kukushukuru ipasavyo kwa sababu ukishukuriwa unaanza kusafisha sufuria. Basi safisha, mimi naendelea: asante, Mjomba.

Nimenakili ukurasa wote, umo ndani ya bahasha hii. Vichwa vya samaki sita, vitunguu vinne, maji mpaka kwenye msumari wa pili wa mkono wa sufuria. Chumvi vijiko saba na nusu, tangawizi iliyotwangwa vitano, pilipili manga kimoja, limau mwisho, vijiko tisa.

Sasa shida ni hii. Hivyo ni vijiko vya kijiko kile. Kile cha aluminiamu kilichokuja na chupa ya dawa ya kikohozi, chenye shina lililopinda na tumbo la kina. Nimejaribu vijiko vyote vya jiko hili, na kila mara inatoka supu nzuri isiyo yako. Miaka kumi na miwili nimekuwa na namba bila kijiko. Ningekuwa na akili ningepima hicho kijiko chenyewe kwanza, lakini mtoto hudhani kitu chake kitakuwepo siku zote.

Jaribu hivyo hivyo. Tafadhali.

Mpwa wako


20 Juni

Kwako mpwa wangu,

Salamu, na keti kwanza.

Kijiko ninacho.

Siku ile nilipokirusha wateja walicheka, nami nikacheka, kisha nikakuona unapanda njia ya majabalini bila kugeuka nyuma. Supu yote ikanitumbukia nyongo. Maji yalipopungua nikashuka. Nilipiga mbizi mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu nikakiona kimekwama kati ya mawe. Lile kovu la mguuni nililokwambia nimekatwa na chupa, si chupa. Ni mwamba, na ni kijiko chako.

Nilirudi nacho, nikakukuta umejifungia chumbani. Nikasema, kesho nitampa. Kesho yake kiburi kiliamka kabla yangu. Keshokutwa nikaona haya ya kuchelewa. Ikawa hivyo, haya juu ya haya, mpaka ukawa mtu mzima ukaenda zako. Muda wote huo kimekaa kwenye kopo la sindano. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unaandika kwa sababu uliipenda supu yangu, nami nikadhani unanidharau.

Jana nilipika kwa namba zako. Nilipima kama mfamasia. Bibi Kofia alitoka majini, akakaa, akanywa kijiko kimoja. Kisha akavua kofia. Miaka yote ninayomjua hajawahi kuivua mezani. Akasema, "Umerudi." Akaongeza bakuli la pili, akalifuta kwa mkate.

Sifungi. Namshukuru Mungu, na nakushukuru wewe. Ila njoo likizo, nina haja na jambo moja. Hawa wateja wana adabu, huenda wananibembeleza. Wewe adabu huna. Njoo uonje uniambie ukweli.

Mjomba wako


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo ya kuagia. Umeshaingia majini na wanafunzi wako na gari langu halisubiri, kwa hiyo nakuachia barua kwenye kopo la sindano.

Ukweli uliouomba: limau limezidi. Mlimau wenu sasa unazaa makali kuliko zamani. Nimeandika vijiko saba badala ya tisa, ukurasa nimeubandika ukutani. Mengine yote ni yale yale. Jana nilipokunywa machozi yalinitoka, ukaniuliza kama ni pilipili. Haikuwa pilipili. Na kile kipande kilichokuwa kimenuna, nimekiacha benchi la kwanza.

Kijiko ulichonifichia ndani ya begi nimekiona wakati natafuta soksi. Nimekirudisha hapa. Nimejaza chumvi humo mara ishirini usiku wa jana na kuipima kwenye mizani yako ya samaki, kwa hiyo nami sasa ninacho.

Asante kwa kupiga mbizi ya tatu.

Mpwa wako,
Bi Vipimo