Sekunde Kumi na Moja za Mama

Karakana ya Milango na Madirisha,
Kizota, Dodoma.
16 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Ludovick,

Jumatano iliyopita, tarehe 11, kibanda cha chumvi cha mama kilichomwa moto. Vyungu vyote vimevunjwa. Mama mwenyewe ni mzima, hakuwamo. Nimeanza na hilo ili usije ukadhani hii ni barua ya kuulizana habari za mvua.

Sasa salamu. Hujambo? Wifi Naima hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Huku mafundi wangu ni wazima na kazi zipo, ila mimi presha inapanda na kushuka, usingizi sina. Shikamoo yako ya mwezi wa saba niliipokea. Tangu kile kipindi cha televisheni yenu kionyeshwe, Jumapili ya tarehe 8, simu yangu huipokei, ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii aikabidhi mkononi mwako hapo kazini.

Ludo, kipindi chenu nimekitazama mara tatu, saa mkononi. Ni dakika ishirini na sita. Mnasema kinahusu wanawake wa Bahi na chumvi yao. Waliozungumza ni wanaume wanne: afisa, mtafiti, mganga mmoja wa mjini ambaye sijui chumvi inamhusu nini, na mtangazaji. Mama, mwenye chumvi, amepewa sekunde kumi na moja. Wanaume wote wameandikiwa majina na vyeo chini ya nyuso zao. Mama ameandikwa "Mwanamke wa Kisandawe". Jina hana, kama mbuzi wa mnadani.

Na sekunde zenyewe! Kamera imesogezwa mpaka ndani ya macho yake mekundu. Ngoma inalia chini kwa chini, mama anazungumza Kisandawe, mtangazaji anasema haya ni maneno mazito ambayo watu wa kawaida hawaruhusiwi kuyaelewa. Halafu anatokea bundi. Bundi huyo mmemtoa wapi? Siku ya kurekodi pale palikuwa na kuku wa Joha tu.

Macho ni moshi, nani asiyejua? Mama anachemsha maji ya udongo wa chumvi tangu wewe hujazaliwa, na ni kwa moshi huohuo alikulea baada ya mama yako mzazi kufariki. Joha, mwenzake wa pale kibandani, naye macho yake mekundu vilevile. Lakini Joha ni Mgogo kati ya Wagogo, hakuna anayemuuliza. Mama peke yake ndiye aliyekuja kuolewa kutoka Kwa Mtoro. Miaka yote hiyo lugha yake, yenye sauti za kugonga ulimi, ilikuwa mchezo wa watoto. Walimfuata, "Bibi, tupigie ulimi!" Anawapigia, wanacheka, wanakwenda zao.

Sasa wakimwona wanakimbia. Jumamosi nilikuwa huko. Vijana dukani wanarudiarudia zile sekunde kwenye simu, na mama alipopita mmoja akapaza sauti, "Bibi, usinitazame, nina mtihani wiki ijayo!" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Ila hao wanaocheka siwaogopi. Namwogopa Mazengo, jirani yake, asiyecheka. Mtoto wake amelazwa kituo cha afya. Daktari amesema ni malaria na dawa anapewa. Lakini Mazengo alisimama palepale dukani akasema, "Mimi sijamsingizia mtu. Televisheni ndiyo iliyosema."

Nikamwambia, "Baba, televisheni haikumwita mama mchawi."

Akanijibu taratibu, hata hasira hana, "Dada, wamemwonyesha na bundi. Ulitaka waseme vipi tena?"

Nikageuka nikaenda kumchukua mama.

Nilitaka kumleta Kizota, gari lilikuwa tayari. Amekataa katakata. "Nikiondoka leo watasema nimekimbia. Mtoto wa watu akizidiwa, watanifuata hukohuko kwako." Amehamia kwa Joha, na Joha anamsindikiza hata chooni. Wanawake wawili wazee, Ludo, na panga moja la kukatia kuni. Simu ikiita nikaona ni namba ya Bahi, naweka chini mashine ya kuchomelea, fundi ndiye anayenipokelea.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Nathanaeli, ameitisha mkutano Jumamosi hii, tarehe 21. Si mtu mbaya, ila uchaguzi wa Novemba unamkaribia, hawezi kumtetea mtu mmoja mbele ya watu mia tatu. Mimi nikisimama watasema mtoto anamfichia mama yake. Televisheni ndiyo wanayoiamini. Basi televisheni hiyohiyo iseme upya. Runinga kubwa na jenereta nimeshakodi. Kinachokosekana ni rekodi nzima, kabla haijakatwa, na mtu wa kuifasiri.

Hapo ndipo nataka tuelewane. Wewe ndiye uliyewaelekeza wenzako kwa mama. Kukata na kuunganisha picha ndiyo kazi unayolipwa. Na katika jengo lenu lote, anayejua Kisandawe ni mtu mmoja. Huko wanakuita mtu wa Dodoma tu na hujawahi kuwasahihisha. Sikulaumu, najua tunavyotaniwa. Lakini mimi ninayeisikia lugha hiyo kwa shida nimeelewa alichosema: "Huyu mwenye kamera amekonda sana, mpeni uji kwanza, chumvi itasubiri." Sekunde zote kumi na moja ni uji! Wewe ulielewa kuliko mimi. Je, ulisikia, ukaweka bundi? Au aliweka mwingine, nawe ukaogopa kusema wasije wakauliza lugha hiyo umeijulia wapi?

Nisalimie wifi Naima na mtoto. Joha anakusalimu. Mama anakusalimu sana na anakuombea. Sijamwambia kazi yako hapo ni ipi hasa. Mungu akulinde, ila wiki hii namwomba aanze na mama.

Tiketi ya treni ya Ijumaa nimeshakukatia. Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, nipigie mwenyewe, usinitumie ujumbe wa "tutaona". Nijibu mawili tu: rekodi nzima unayo au huna? Na Jumamosi utasimama mbele ya kijiji useme kwa mdomo wako alichosema mama, ndiyo au hapana?

Dada yako, anayekupenda hata kwa hasira hii,
Yasinta