Boma Nililoandika Kuwa Halipo

Kwa Mzee Hilali,
S.L.P. 87,
Kasulu.

19 Agosti 2023

Mpendwa Shangazi Zuleha,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa kibarazani mwa duka la kaka yako. Karatasi hii amenipa yeye, baada ya kunisema kwamba watoto wa Dodoma siku hizi hatujui hata kukunja bahasha.

U hali gani, shangazi yangu? Magoti yameacha kukusumbua? Saady wako aliniambia simu huisikii vizuri tena, kwamba unaitikia tu "ndiyo, ndiyo" ili mtu asichoke. Nikaona bora niandike, na Saady nimemwomba asikusomee barua hii. Vaa miwani usome mwenyewe, taratibu.

Huku tu wazima. Presha ya Baba ilipanda Ramadhani, sasa imetulia. Mama ameanika mihogo ua mzima, hakuna pa kukanyaga, na vumbi la Agosti limeshapaka wekundu kila kitu. Tangu nimefika likizo ananiuliza kwa nini silali mchana kama zamani. Sijamwambia. Nakwambia wewe.

Kazi yangu unaijua, ingawa kila tukionana unaniuliza mimi ni wa chama gani. Sina chama, Shangazi. Kabla wabunge hawajaijadili bajeti, sisi watumishi wa Bunge tunawaandalia karatasi: kodi hii ikipanda atakayeumia ni nani, fedha za shule zimefika wapi, sheria hii ina tundu gani. Wa chama tawala na wa upinzani wanapewa karatasi ileile. Haturuhusiwi kusifu wala kulaumu. Mkuu wangu, Mzee Mudathiri, akikuta umeandika "ufa mkubwa" anafuta "mkubwa" na kuandika pembeni: sentimita ngapi? Niliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo hasa. Niliiona safi.

Mwaka 2019 kamati moja ilitaka orodha ya maboma ya zahanati nchi nzima, yaani yale majengo ambayo wananchi wamepandisha kuta kwa nguvu zao wakisubiri serikali iezeke. Nilipewa mistari mia nne na kumi na mbili, simu ya mezani na siku tisa. Jedwali lilikuwa na safu mbili tu za kuweka alama: lipo, au halipo. Nilikuwa nampigia mwenyekiti wa kitongoji, ananijibu, natia alama, naenda kwa mwingine.

Mmoja wao alikuwa Mzee Bazilio, wa kijiji kimoja mbele ya Kitahana, kule Kibondo. Simu ilikuwa inakatikakatika. Nilimsikia anasema "kuta", nikasikia upepo, kisha kimya. Nilipiga tena mara mbili, hakupatikana. Siku ilikuwa ya tisa. Nilitia alama kwenye "halipo", nikaendelea na mstari uliofuata.

Si kwamba nilidanganywa, Shangazi, wala si kwamba nilikosea kusikia. Nilijua kwamba sijui, nikaandika kama anayejua.

Februari mwaka huu kamati iliomba orodha mpya, na safari hii ofisi ikasema baadhi yetu twende tukaone kwa macho. Niliomba Kibondo ili nipitie nyumbani. Mstari wa Mzee Bazilio niliuchagua mwenyewe, na nilidhani nakwenda kuhakikisha kwamba hakuna kitu.

Boma lipo. Liko kwenye mwinuko, kando ya njia inayoshuka kutoka vijijini kwenda barabara kuu, vyumba saba, kuta zimefika lenta, ile zege ya juu ya milango, na kupita. Vyumba sita vimeota magugu hadi kiunoni. Juu ya kila mlango kuna maandishi ya rangi ya bluu, mkono wa mtu aliyejitahidi sana: MAPOKEZI. DAWA. CHANJO. Chumba cha mwisho kimeandikwa KUJIFUNGULIA. Hicho hakikuwa na jani hata moja. Sakafu yake ya udongo ilikuwa imefagiwa, na mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi.

Nilimwuliza Mzee Bazilio kwa nini waliandika majina ya vyumba kabla ya kuezeka. Akacheka kidogo.

"Tulipigiwa simu kutoka Dodoma," akasema. "Mwaka wa kumi na tisa. Binti. Nilipomsikia anavyosema nikajua huyu ni wa kwetu, wa Kasulu huko. Simu ikakata, lakini nilikuwa nimeshamwambia kuta zipo. Nikaita mkutano, nikawaambia watu, mtoto wetu ametupigia, bati zinakuja. Tukachanga rangi. Tukasema wasije wakakuta hatujajiandaa."

Alikuwa ananieleza habari njema ya siku ile, na uso wake ulikuwa na furaha ya siku ile. Hakujua anaongea na nani. Nami, Mungu anisamehe, sikumwambia. Niliuliza ni nani anayefagia.

Ni mama mmoja anaitwa Esteri. Binti yake, Rosa, alishikwa na uchungu Machi 2021, kwenye mvua, na barabara ya kuingia kijijini ilikuwa imekatika, gari halipiti. Vijana wanne wakambeba kwa machela ya miti kumshusha barabara kuu. Walipofika kwenye boma alikuwa amelegea, hawezi tena kubebwa. Mama yake ndiye aliyesema waingie. Wakamlaza kwenye chumba kile, juu ya kitenge, mvua ikimnyeshea.

Haya alinieleza Esteri mwenyewe, kwa Kiha. Alikuwa amekuja na ufagio wake akatukuta pale. Alisema Rosa alifumbua macho, akayatazama yale maandishi juu ya mlango. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba.

"Akaniuliza, Mama, tumefika? Nikamwambia tumefika."

Alisema hivyo tu, akaanza kufagia. Rosa alifia pale, na mtoto tumboni.

Nilirudi Dodoma, Shangazi, na sijui nikuelezeje siku zilizofuata. Si ndoto. Usiku nalala vizuri. Ni mchana. Niko kwenye lifti ya ofisi, watu wamejaa, mlango unafunguka, dada mmoja nyuma yangu anauliza, "Tumefika?" Nikabaki humo hadi mlango ukajifunga tena. Wafagiaji wakipita korido asubuhi nasimama hadi wamalize. Nikitaka kuandika neno "halipo", hata kama ni daraja lililosombwa na maji na kila mtu analijua, mkono unagoma.

Wiki ya pili nilimfuata Mzee Mudathiri nikamwambia yote. Alivua miwani akaipangusa.

"Sahihisha huo mstari," akasema.

Nikamwambia mstari mmoja hautoshi, kwa sababu siku zile tisa niliandika "halipo" sitini na moja, na nyingi niliziandika vilevile. Nilimwambia nataka taarifa mpya iseme kwamba ya kwanza ilikuwa na kosa, na jina langu liwepo.

"Kosa litaandikwa," akasema. "Jina hapana. Jina lako si takwimu, Faudhia. Ukiliweka, kamati itakujadili wewe badala ya kujadili maboma."

Niliona anataka kunifunika, nikakasirika. Baadaye niliona ana haki, na hilo liliniumiza zaidi. Ningetajwa, ningeadhibiwa, ningepumua.

Tulihakiki upya yote sitini na moja, safari hii kwa picha na kwa watu waliokwenda. Ishirini na matatu yamesimama.

Taarifa ilipotoka wakaanza kunitafuta. Mbunge mmoja, aliyekuwa amesikia habari ya Rosa sijui kwa nani, alinipigia akitaka jina na siku aliyofariki, aisome mbele ya wenzake, maana ingewaaibisha wahusika. Mwingine wa upande wa pili alitaka neno "kosa" lipunguzwe liwe "tofauti". Nilimjibu wa pili kwamba kosa ni kosa. Wa kwanza nilimwambia jina si langu kulitoa, akipenda aende kijijini akamwombe mama mwenye mtoto, njia nitamwelekeza. Hakwenda. Lakini alikuwa amenitia majaribuni usiku na mchana, Shangazi, kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka Rosa atajwe kwa sauti mahali fulani.

Mwisho wa Juni boma la kwa Mzee Bazilio liliingia kwenye orodha ya kuezekwa, pamoja na mengine kumi na moja kati ya yale ishirini na matatu. Watu wa ofisini walinipongeza. Nilijifungia chooni hadi walipoondoka.

Likizo ilipoanza sikuja Kasulu kwanza. Nilikwenda Kibondo, nikamkuta Esteri anapukuchua mahindi uani kwake, na Mzee Bazilio nikamwita aje asikie. Nikasema kwamba yule binti wa simu ni mimi, na kwamba mimi ndiye niliyeandika kuwa boma halipo.

Mzee Bazilio aliinuka akaenda kusimama nje ya uzio, ametupa mgongo. Yeye ndiye aliyeita mkutano, Shangazi. Yeye ndiye aliyewaambia watu bati zinakuja.

Esteri hakuacha kupukuchua. Baadaye akauliza, "Uliandika kwa kalamu?"

Nikamwambia kwa kompyuta.

"Na inafutika?"

"Imefutwa. Imeandikwa upya kwamba lipo."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Kisha akasema, "Mimi nililomwambia Rosa halifutiki." Akanisogezea hindi. Tukapukuchua pamoja hadi kapu likajaa, hakusema neno la kusamehe wala la kulaumu. Nilipoaga alinisindikiza hadi njia panda, na huku kwetu unajua, mtu humsindikizi bure. Lakini sikuthubutu kulitafsiri hilo kwa faida yangu. Mzee Bazilio hakutoka kuniaga.

Sasa nazunguka kwa nauli yangu kwenye yale maboma mengine yaliyo mkoa wetu. Hakuna aliyenituma. Juzi nilikuwa upande wa Kakonko. Nililikuta boma limejaa mbuzi, na mzee mmoja anaitwa Pasikali amekaa mlangoni anasuka kamba. Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kupata matatizo pale. Hakunielewa. Nikauliza wazi, kuna mtu alifia hapa?

Akanitazama kwa makini. "Hapa hajafa mtu, mama. Mbuzi mmoja tu, na huyo tulimchinja."

Nilikaa chini palepale kwenye mavi ya mbuzi. Mzee wa watu akaniletea maji, akidhani nimepigwa na jua. Sikujua kama nalia au nacheka. Jana yake, kijiji kingine, niliuliza swali hilohilo, wanawake waliokuwa kisimani wakabeba ndoo zao wakaondoka wote.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Wewe umezalisha wanawake wa Tanga miaka thelathini na moja, na kila mtu anasema ulikuwa humdanganyi mgonjwa. Nimeuliza kila nilichoweza kuuliza, nakupa kama kilivyo. Rosa alikuwa na mimba ya pili. Uchungu ulimwanza adhuhuri ya siku iliyotangulia. Alfajiri mtoto akatanguliza mkono. Walimbeba saa nne asubuhi, wakafika kwenye boma saa nane mchana. Aliishi pale kama saa moja na nusu.

Kama mwaka ule wa 2019 ningeandika lipo, na bati zikaja, na nesi akapangwa, angepona?

Mzee Mudathiri anasema hapana, zahanati haina upasuaji, nesi angewaambia waendelee mjini, na barabara ilikuwa imekatika. Daktari mmoja niliyemwuliza Dodoma alisema inategemea, kisha akaniangalia usoni akabadilisha, akasema hapana. Wote wananihurumia, ndiyo maana siwaamini. Baba nikimwambia atasema ni kudra, na ni kudra kweli, lakini kudra siwezi kuiuliza juu ya kazi niliyoifanya mimi.

Nijibu kama mkunga, usinijibu kama shangazi. Kama angepona, andika angepona. Nitaibeba. Kama asingepona, andika hivyo, lakini uwe umefikiri vizuri kwanza, hata ikichukua mwezi. Nitarudi Dodoma tarehe tano Septemba, ila barua itume huku Kasulu. Baba ataniwekea bila kuifungua.

Nisalimie Saady na mkewe Shadia, na yule mtoto wao wa mwisho ambaye bado sijamwona. Baba anakusalimu sana, anasema umtumie ile dawa ya miguu usiyoitaka. Mama anasema chumba chako hapa kipo, kimepakwa chokaa. Mwenyezi Mungu akulinde, akutie nguvu magotini na nuru machoni, na mikono yako iliyopokea watoto wengi aipokee yeye siku yake, isiwe karibuni.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na ninayekungoja,

Faudhia Hilali