Tone la Nchani

Jumatatu, 3 Machi

Boksi la pipeti mpya, mirija yetu ya kupimia, limefika. Hatimaye! Za zamani zilibaki mbili tu, na moja ina pengo mdomoni. Hizi ni nyembamba, kioo safi, mistari imechorwa vizuri. Nimeziosha zote mwenyewe. Simwachii mtu.

Standadi ya kiwandani, ile ya kulinganishia, imekwisha na Mkuu wa maabara anasema tusiitegemee hivi karibuni. Kwa hiyo tunatengeneza wenyewe. Unachukua dawa ya moyo ambayo nguvu yake inajulikana, unaizimua kwa maji, unaizimua mara ya pili, unaipa mashine iionje. Baada ya hapo mashine inalinganisha na damu za wagonjwa na kutuambia nani dawa imempungukia, nani imemzidi. Yaani standadi ikienda kombo, kila kitu kinaenda kombo. Mkuu alipouliza nani ataitengeneza alinitazama mimi. Nilijifanya sikuona. Lakini niliona!

Redio akasema na yeye atengeneze yake, tulinganishe. Redio ni mwenzangu wa meza ya pili — tulimpa jina hilo kwa sababu hazimiki. Huku anasimulia habari za shemeji yake, anavuta maji mpaka mstarini, anaachia, anagusisha ncha kwenye ukingo wa chupa, anasubiri kidogo. Halafu anaitoa pipeti. Basi! Na tone la mwisho limekaa pale nchani linamtazama.

Nikamwambia, kaka, unawaibia wagonjwa. Bwana aliyenifundisha kazi hii angemchapa vidole. Yeye alikuwa akisema puliza, tone la mwisho nalo lina mwenyewe. Mimi nabonyeza mpira wa kupulizia, fyuu, pipeti inabaki kavu. Redio akadai alikosoma yeye tone hilo halihesabiwi. Halihesabiwi! Kwani limeshuka kutoka mbinguni? Nilisema kwa sauti, Mkuu akacheka, Redio akaenda kuosha chupa zake.

Standadi yake na yangu hazikulingana. Mkuu kaamua tufuate yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima damu ya Mama. Yupo wodini tangu wiki iliyopita, moyo unapiga ovyo ovyo, na wamemwanzishia dawa hii hii. Dawa yenyewe ina ubahili wa ajabu. Ikipungua haisaidii, ikizidi kidogo inageuka sumu. Ndiyo maana Daktari hagusi dozi mpaka aone karatasi yetu.

Jibu la Mama limetoka chini, dawa haijamtosha. Daktari kaongeza. Nimefarijika, tumewahi.

Nilimpitia mchana. Kitanda cha jirani yuko bibi mmoja, wodi nzima inamwita Bi Harusi. Kila asubuhi kabla Daktari hajapita anajipaka poda na kufunga kilemba upya. Moyo mbovu, anasema, lakini uso hauna kosa! Kaniambia mimi nimepima kila kitu duniani isipokuwa mchumba. Mama alicheka mpaka Sista akaja kuangalia kuna nini. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia Mama akicheka hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Wote wako chini. Mama, Bi Harusi, fundi saa wa wodi ya wanaume, na wengine wanaotumia dawa ile. Daktari anaongeza, anaongeza. Fundi saa kaongezewa mara mbili sasa.

Redio kaniuliza kama wodi nzima imeketi kikao ikaamua kupungukiwa. Nikamwambia aulize mashine. Grafu yangu imenyooka kama uzi, kila nukta juu ya mstari. Mkuu kaibandika ukutani.

Lakini nimeitazama sana leo ile grafu. Sijui kwa nini.

Jumapili, 9 Machi

Mama hali. Nimempelekea uji, kaurudisha. Anasema una ladha ya chuma. Kichefuchefu tangu juzi.

Kisha akanishika mkono akaninong'oneza, nimwombe Sista abadilishe mashuka, yamekuwa ya njano, anaona aibu wageni wakija. Mashuka ni meupe pe. Nikamwambia, Mama, meupe hayo. Akanitazama muda. Akasema na mimi nimekuwa wa njano, nipumzike.

Bi Harusi akadakia, tena yeye anaona taa zote zimevaa pete. Hata taa zimeolewa, yeye bado! Nilicheka. Nilicheka na nikatoka, nikafika kwenye ngazi, kicheko kikanikatikia hapo hapo. Wawili. Vitanda viwili jirani.

Nimekaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi saa amefariki.

Sista anasema moyo ulipiga polepole, ukazidi polepole, ukaacha. Kila mtu anasema alikuwa mgonjwa siku nyingi. Kweli, alikuwa mgonjwa. Mungu amlaze pema.

Redio hajasema neno siku nzima. Redio!

Jumanne, 11 Machi

Nilimvizia Daktari kwenye korido nikamweleza habari ya mashuka. Akasimama. Akasema kuona njano kungemtia wasiwasi, ndiyo dalili ya dawa kuzidi — lakini hapa haiwezekani, majibu yetu yanaonyesha imepungua. Akanigonga begani. Kasema kama si maabara yetu angekuwa anatibu kwa kubahatisha. Eti aniamini mimi au ayaamini mashuka?

Alikuwa ananitania. Ningetaka sana yote yawe utani.

Nimerudi mezani nikaishika pipeti, nikairudisha kwenye boksi. Mikono hii! Mikono ambayo Mkuu huwaonyesha wageni. Naogopa. Nimeandika neno hilo na nitaliacha hapo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepima maji kwa mizani. Ndiyo njia ya kuibana pipeti iseme ukweli. Maji hayadanganyi, ujazo wake unaujua kwa uzito.

Nilichukua pipeti mpya ile ndogo. Nikaachia maji, nikagusisha ncha, nikaliacha tone. Sawasawa! Nikarudia na kupuliza. Imezidi. Nikarudia. Imezidi vile vile. Nikarudia tena, sasa naona mizani kwa ukungu kwa sababu nalia.

Nikaenda kabatini nikaitoa moja ya zile za zamani. Nikapuliza. Sawasawa.

Nikaziweka mbili pamoja dirishani. Ya zamani ina pete mbili zimechorwa juu kabisa, karibu na mdomo. Miaka yote nimezishika pete hizo kwa kidole, nikadhani ni urembo. Mpya haina. Kumbe yenye pete ni ya kupuliza. Isiyo na pete, lile tone limeshaondolewa kwenye hesabu huko huko ilikotoka, linatakiwa libaki. Na mimi nalisukuma liingie.

Tone moja tu, mtu atasema. Lakini kwenye pipeti ndogo namna ile tone ni sehemu moja ya kumi. Na tunazimua mara mbili, kwa hiyo kosa limezaa kosa. Standadi yangu ina nguvu zaidi ya tunavyoiambia mashine, kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Jiwe la mizani likiwa zito kuliko lilivyoandikwa, kila nyama itaonekana nyepesi. Hakuna aliyekuwa chini. Hakuna hata mmoja! Na walivyozidi kuongezewa, mashine ikaendelea kuwapunguza.

Redio alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Nikamwuliza, ukali wote umeniisha, kwa nini hukuniambia. Akasema aliniambia. Aliniambia, nami nikamwita mwizi wa wagonjwa mbele ya Mkuu. Baada ya hapo akajisemea, dada huyu ana miaka mingi kuliko mimi, labda mimi ndiye sikusoma vizuri.

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Tukaenda wote kwa Mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango. Swali lake la kwanza: nani mwingine anajua? Si wagonjwa wangapi. Si dozi ngapi. Nani mwingine anajua!

Kasema tusizue taharuki. Mashine itaandikwa iko kwenye matengenezo, majibu yasitoke, kesho asubuhi ataonana na Mganga Mkuu wa hospitali waliweke sawa kiungwana. Redio akasema, bosi, watu wanameza sasa hivi. Mkuu akamwambia karatasi zote zina saini yake yeye Mkuu, kwa hiyo anajua cha kufanya. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, kama baba mdogo. Mwanangu, ukitoka hapa ukasema, fundi saa anakuwa wako. Wako peke yako. Umeelewa?

Nimeelewa. Nilirudi nyumbani bila kupitia wodini. Nilishindwa kumtazama Mama usoni.

Alhamisi, 13 Machi

Mganga Mkuu kasafiri. Anarudi Jumatatu.

Jumatatu! Mkuu anasema tuwe na subira. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Na anayelisikia je?

Redio hakuja kazini. Kapigiwa simu apumzike nyumbani siku chache, kwa mshahara. Mimi sijaambiwa nipumzike. Mimi wananihitaji hapa, karibu, kimya.

Nimetengeneza standadi upya, kwa kuacha tone, nikapima damu ya Mama iliyobaki kwenye friji. Sikuandika jibu popote. Sitaliandika hata humu.

Ijumaa, 14 Machi

Nipo wodini. Nimekaa kwenye kiti kati ya kitanda cha Mama na cha Bi Harusi, daftari gotini. Naandika ili mikono ipate kazi.

Nimeshika kifundo cha mkono cha Mama. Mshipa unapiga. Nasubiri. Nasubiri mpaka nadhani ndiyo basi — unapiga tena. Midomo imemkauka. Bado anasema nimekuwa wa njano.

Toroli la dawa lilipoanzia mlangoni nilimwinamia nikamwambia, Mama, kidonge cha leo usikimeze. Kiweke shavuni, Sista akipita nipe. Akaniuliza kwa nini, si wewe uliyepima? Nikasema nitakueleza baadaye. Mama yangu, aliyekuwa akinichapa nikibakisha dawa ya kikohozi, hakuuliza zaidi. Akanywa maji, akamtabasamia Sista, Sista akaandika kameza. Kisha Mama akakitema kwenye leso yangu. Kipo mfukoni mwangu sasa, kimelowa.

Nilidhani nitapumua. Nilikuwa nimejiambia nikimwokoa yeye kwanza akili itarudi, halafu nitajua la kufanya. Akili imerudi. Inaona toroli limehamia kitanda cha pili.

Bi Harusi leo kajipaka poda upande mmoja tu. Upande wa pili kaukosa, mkono umeishia sikioni. Kilemba hakufunga. Sista anamwinua, anamwambia dozi yake imepandishwa kwa karatasi ya mwisho ya maabara, ni viwili sasa, Daktari anataka apone haraka aende kwa mchumba. Bi Harusi anajitahidi kucheka. Amevipokea kiganjani, anavitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Nikisimama niseme, Sista ataniuliza umejuaje. Nikijibu hilo, nimejibu yote. Fundi saa ana mke. Nilimwona pale chini juzi, kabeba viatu vya mumewe kwenye mfuko.

Nikinyamaza, ni mpaka Jumatatu tu. Ni siku chache tu, Mkuu kasema. Wengine huwa wanahimili.

Sista anammiminia maji.

Mama kanivuta mkono. Hawezi kunong'ona vizuri tena, pumzi hazimtoshi. Kaniuliza, na mwenzangu je? Naye asimeze?

Naandika. Sitaki kuinua macho, najua wote wawili wananitazama, na Bi Harusi kasita, kikombe kimefika kidevuni.

Sista anauliza kuna nini hapo.

Mama ameuliza tena, safari hii kwa sauti —