Feni ya Mwalimu Mkuu

Shemeji yangu,

Namshukuru Mungu tunapumua, ila uchovu umetukalia. Mapacha wamefaulu mtihani. Paa la jikoni bado linavuja.

Najua umenuna kwa kuwa kaka yako hapokei simu zako. Ngoja nikueleze.

Unamjua kaka yako, fundi wetu. Kompyuta ikiletwa kwamba inaganda au inajizima, haifungui kwanza. Huilazia sikio, aisikilize feni, ndipo aseme ugonjwa. Juzi mwalimu mkuu kaleta yake. Kaka yako akasikiliza, akasema, "Feni nzima. Hii ni memori." Akabadilisha memori, ikaganda. Akabadilisha pawa saplai, ikaganda. Siku ya tatu nikiwa nafagia karakana, nikasikia feni inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, kisha kimya. Kuweka kiganja, hakuna upepo, bati la kompyuta linaunguza.

"Baba mapacha, feni imekufa."

"Tangu lini fagio likawa fundi?" akanitania, macho ameyakaza mdomoni mwangu.

Akageukia kazi yake. Nikamwita kwa nyuma mara tatu. Hakugeuka. Nilipomgusa bega akanitazama, akaelewa nimejua.

"Usimwambie mdogo wangu," akasema. "Na simu yake usipokee."

Nimesali sana, shemeji, na bado nimeona nikuambie. Usimpigie tena, mwandikie. Feni tumeweka mpya, kompyuta imetulia. Simu yako huita mezani nyuma yake, na anayeisikia ni mimi.

Akuombeaye kila alfajiri,
Mama mapacha