Mashine Iliyozima Jumamosi Tu

Baba mpendwa, shikamoo.

Nimechoka, nianze na hilo. Siyo ule uchovu wa ofisini niliokuwa nakulalamikia kwenye simu. Nimechoka kubeba jambo moja tangu wiki iliyopita, na wa kumtulia mzigo huu ni wewe tu, nawe ndiyo hivyo umeshatangulia.

Yohana, mwenzako wa mtumbwini, alikuja kwangu Miyuji kuchukua ile mashine ya boti. Nilimwita mwenyewe. Ilikuwa stoo chini ya turubai, na tangu tukuzike kila nikifuata ndoo naipita kama nampita mtu niliyemkosea.

Unakumbuka ulivyoipata? Mkulima wa mtama, mfuga ng'ombe, unajifunza maji ukiwa na mvi kichwani. Wenzako wakakucheka, Mgogo na boti wapi na wapi! Ukacheka nao, ukaenda zako bwawani Mtera, na miaka miwili baadaye walewale ndio waliokuwa wanakuomba uwavushe. Nami kila Jumamosi nilikuja kukutazama, nikikaa mbele kama mgeni rasmi.

Siku moja upepo ulikuwa unarusha vumbi mpaka kwenye ugali. Nikaona kwenye kifuniko cha tangi la petroli kuna kitundu, kidogo mno. Nikasema hiki ndicho kinachoingiza mchanga. Nikakata kipande cha mpira wa baiskeli, nikakizungushia kifuniko chote, nikakaza mpaka vidole vikaniuma.

"Baba, nimekuzibia."

Ukautazama mpira, ukanitazama mimi. "Ahsante, mama." Basi.

Ningekuwa na akili ningekumbuka shati. Nilikuwa darasa la tatu, nikakushonea kiraka kwenye mfuko wa shati lako la kanisani, nikaushona na mdomo wake. Ulilivaa hivyohivyo. Miwani ukaishika mkononi ibada nzima, na mama alipotaka kucheka ukamkonyeza.

Kuanzia siku ile ya mpira, kila nikipanda mtumbwi, mashine inaanza vizuri, tunafika mbali, inapata moto, halafu inakohoa, inashtukashtuka, inazima. Wewe unasema, "Ipoe kidogo." Kisha unanituma: "Hebu tazama kule mbele, kuna nini majini?" Nikigeuka, nasikia imewaka. Nikikuuliza kama inakusumbua na siku nyingine, unasema hapana, siku nyingine haina neno. Nikaona unanificha.

Jumamosi ya mwisho tulikuwa na akina mama wawili na magunia yao, na Yohana. Upepo ukaanza, mashine ikazima katikati ya bwawa. Nikakufokea, Baba. "Unakosea kuchanganya oili! Macho yako hayaoni tena, utatuua!" Ulikuwa umeshika kamba ya kuwashia, ukaivuta tena. Yohana aliangalia maji. Tulipofika nchi kavu ukasema taratibu, "Labda tuanze kutazama vitu vidogovidogo." Nikakukata kauli palepale. "Ni koili. Nimesoma kwenye simu." Mjuaji mkubwa mimi. Siku ileile nikaipakia mashine, nikaondoka nayo.

Fundi wa Mkonze akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaweka koili nyingine. Akaiwasha ndani ya pipa la maji. Ikaenda, ikapata moto, ikakohoa. Nami nimesimama palepale, mikono kiunoni, nahakikisha kila akimaliza kujaza petroli anaurudishia ule mpira, vumbi lisiingie. Maskini, fundi wa pikipiki wa watu, na bosi mwenyewe ndiyo mimi.

Akasema imechoka. Nikaona afadhali. Ulipopiga simu, "Mashine inaendeleaje, mama?" nilijibu, "Bado kwa fundi, Baba." Uongo. Ilikuwa stoo. Nilidhani nakulinda. Ukakaa nchi kavu msimu mzima, ukawa unakwenda ufukweni kuwashikia wenzako kamba tu, mpaka kifua kikakulaza.

Sasa Yohana kaja. Akafunua turubai, akacheka, halafu akagusa kifuniko cha tangi.

"Kumbe huu mpira bado upo?"

Akaiweka mashine kwenye pipa, akaiwasha, tukanywa chai huku inanguruma. Ilipoanza kukohoa, akaulegeza mpira kwa kidole kimoja. Fyuuu! Tangi likavuta hewa, mashine ikatulia. Akanieleza kama anamweleza mtoto: petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake, na njia ya hewa ni kile kitundu. Si moto. Haijawahi kuwa moto.

"Baba alijua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Jumapili anaufungua, tunavua samaki wiki nzima bila tatizo. Ijumaa jioni anaufunga tena, kwa sababu kesho yake unakuja. Ikizima, anakutuma utazame mbele, naye anaulegeza."

"Sasa si angeniambia!"

"Nilimwambia hivyo. Akasema, 'Nitamwambia tukiwa wawili, siyo mbele ya watu. Kafunga kwa mkono wake.'"

Tukiwa wawili. Na lini tulikuwa wawili, Baba, mimi ninayeingia naongea na kutoka naongea? Wewe hukutaka kunisahihisha mbele ya Yohana peke yake. Mimi nikakuaibisha mbele ya watu watatu.

Nimekukasirikia pia, nisikudanganye. Mtu mzima na akili zako, unamwachaje binti akunyang'anye mashine kwa kosa lake mwenyewe? Ungenifokea tu! Ningenuna wiki moja, yakaisha. Ulikuwa unanihimiza shuleni, kuuliza si ujinga, mwanangu. Nimeuliza mafundi, nimeuliza simu, sikukuuliza wewe. Nimelia mpaka nimechoka kulia, na majuto ndiyo hayo, mjukuu, huja mwisho. Nisamehe, Baba. Najua ungesema yameisha, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Jana nilikwenda Mtera. Yohana aliifunga mashine kwenye mtumbwi wenu, akanikalisha nyuma pale ulipokuwa unakaa wewe. Mpira ulikuwa kwenye pochi yangu; sijui nifanye nao nini, kuutupa siwezi. Tukaondoka. Tulipofika pale inapozimiaga nikashika ubao kwa mikono miwili, nikageuka kutazama mbele, kama ulivyokuwa unanituma. Majini hapakuwa na kitu. Tukafika ng'ambo, tukarudi.

Haikuzima, Baba. Na ilikuwa Jumamosi.

Ni mimi, binti yako,
uliyekuwa unaniita mama.