Bendera ya Saada Katika Bahari Kuu

Sokomuhogo, Unguja
14 Machi 1956

Mpendwa kaka Mkadam,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, na kile kifua kiwe kimekuachia. Sisi hapa wazima, tena wazima wa kujisifu. Shangazi Wanu macho yake yamepata nafuu, na kwa kuwa anatuona vizuri, ameanza tena kutugombeza.

Najua maneno yameshakufikia, ati meli yako Saada imekamatwa na manowari ya wageni. Uongo mtupu! Saada iko hapa Unguja, bandarini Malindi, inapakua mbata za nazi. Ilitaka kukamatwa, haikukamatwa. Nisikilize mie niliyekuwamo.

Unajua mwanangu Kidawa ameolewa Moroni, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, hilo halina mjadala. Nikaenda kumchukua. Mama mkwe wake, Bi Mwanakheir, akataka mjukuu azaliwe kwake, akatuzungusha leo kesho, leo kesho, mpaka tunapanda Saada mimba imeshakuwa nzito.

Basi tuko katikati ya bahari kuu, nchi kavu haionekani upande wowote, uchungu ukamshika. Sitaha imejaa mabaharia, mvua inanyesha, maturubai yote yamefunika mbata. Nikapiga kelele, "Msabah, nitafutie stara ya mwanangu!" Nahodha Msabah, maskini, hakutafuta mbali. Akaishusha ile bendera yako nyekundu ya Unguja, uliyoishonesha kubwa kama shuka mbili ili watu wakuone, akatufungia pazia.

Ndipo manowari ilipotufikia. Walikuwa wakitafuta watu wa magendo. Ofisa wao akapanda na mkalimani, akauliza meli hii ya nani, mbona haina bendera? Msabah akamwonyesha jina la Unguja lililoandikwa nyuma. Yule bwana akacheka, akasema jina kila mtu anaweza kupaka. Meli isiyo na bendera katika bahari kuu haina dola ya kuilinda, kwa hiyo ataivuta mpaka bandarini kwao. Kidawa akasikia, akaangua kilio kwamba atazalia katika kifungo cha watu asiowajua.

Kaka, nilipandwa na hasira zile unazozijua! Nikavua buibui langu, nikalitundika liwe pazia mahali pa bendera, nikatoka na kanga zangu mbele ya wanaume wote wale. Nikamtupia Msabah bendera yake. "Ipandishe!" Mabaharia wakainamisha macho, na yule ofisa naye akainamisha. Bendera ikapanda, imeloa, nzito, lakini ikapanda.

Ofisa bado akataka kufungua shehena yetu. Wallahi hapo Msabah alinifurahisha. Akamwambia kwa adabu zote: sasa umeiona bendera. Bahari hii si yako wala si yangu, lakini juu ya mbao hizi sheria ni ya Unguja peke yake, na wa kutuhukumu ni hakimu wa Unguja. Mkalimani akafasiri. Ofisa akatazama makaratasi ya meli, akapiga saluti, akashuka zake. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na sijamaliza, mtoto akalia. Msichana! Tumemwita Mashavu, jina la marehemu mama yetu.

Sasa nakuomba, usije ukamwandikia Msabah maneno makali kwa kushusha bendera. Ukimgusa yeye umenigusa mie. Bendera nimeifua mwenyewe, na inang'ara kuliko siku uliyoishonesha.

Nisalimie wifi Mwanamwema, na mwanao Matar umwambie ameshakuwa mjomba, aache utoto. Mola akuhifadhi, akurejeshe kwetu na afya yako, umpakate huyu mjukuu.

Lililobaki ni hili. Bi Mwanakheir ameleta salamu kutoka Moroni, ati tumekosa sote wawili: mtoto kazaliwa baharini, si kwake wala si kwangu. Nilicheka hata nikakaa chini. Nimemwambia aliyeleta salamu akamjibu kwamba meli yenye bendera ya Unguja ni Unguja, hata ikiwa katikati ya bahari. Kidawa kajifungulia kwao.

Ni mie dada yako nikupendaye sana,
Mwanapili