Taa Chini ya Kikombe

Mjukuu wangu, mume wangu,

Uji uko kwenye chupa. Maharage yako jikoni, yaangalie yasiungue kama juzi.

Asubuhi nesi jirani yetu kakuta gari lake limebonyea ubavu pale alipoliegesha, aliyeligonga kakimbia. Akaniuliza, "Bibi, hukusikia kitu?" Nikamjibu masikio yangu yamezeeka. Wewe ulikuwa unakoroma. Kipande cha taa kilicho chini ya kikombe nimekiokota palepale. Ni cha gari la mjomba wako, uliloliazima jana.

~~Basi nitanyamaza.~~

Naenda kwake kliniki kuchomwa sindano, na siwezi kumdanganya tena huku kanishika mkono. Foleni huwa ndefu. Nifuate umwambie mwenyewe. Zamu yangu ikifika hujaja, nitasema mimi.

Bibi yako. Leo si mkeo.